Vitabu Viwili vya Kikosi Kimoja

Wako watu wadhanio ya kuwa jemadari akiisha kuandika habari za vita, hapana tena la kusema. Sisi twaona sivyo. Twatwaa mfano wa Marekani, katika vita vya Kaskazini na Kusini (1861–1865), na kikosi cha askari weusi kilichoundwa South Carolina mwaka 1862. Karibu wote walikuwa wametoka utumwani.

Mkuu wao alikuwa Kanali Thomas Wentworth Higginson, Mzungu, aliyekuwa mchungaji kabla ya kushika upanga. Kitabu chake kilitoka mwaka 1870, nacho ni kizuri. Asimulia safari za mitoni, na nyimbo za askari kando ya moto, ambazo aliandika maneno yake kwa bidii. Asimulia pia siku ya 1 Januari 1863, tangazo la uhuru liliposomwa kambini, na watu wakaanza kuimba pasipo kuagizwa na mtu. Lakini asomaye kwa makini ataona ya kuwa mara nyingi kanali awafananisha na watoto watu wazima waliokuwa tayari kufa.

Kitabu cha pili ni cha Susie King Taylor, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1848. Huko mtumwa alikatazwa kusoma. Hata hivyo, mjini Savannah alikwenda kila siku kwa mwanamke mweusi aliyefundisha kwa siri, vitabu vimefungwa karatasini polisi wasivione. (Sisi walimu, ambao watoto wengine hutukimbia, na tuyafikiri hayo.) Mwaka 1862 alitoroka, akaolewa na sajini wa kikosi kile, akaandikwa kuwa mfua nguo. Pamoja na kufua aliwafundisha askari kusoma, akasafisha bunduki, akauguza majeruhi. Alitumika zaidi ya miaka minne asipewe hata dola moja.

Tazama sasa jambo moja kwa macho mawili. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi; mweusi alipewa 10, tena zikakatwa 3 za nguo. Watu wa kikosi hiki walikataa kupokea fedha hiyo pungufu. Higginson aliliona kuwa neno la haki na ahadi iliyovunjwa, akawaandikia wakubwa na magazeti kwa ukali, wala hatuwezi kumnyima sifa hiyo. Susie aliona vyungu vitupu: wake wa askari wakiwafulia maofisa, wakipika maandazi na kuyauza kambini, ili watoto wao wale.

Tena miaka yao ya kuandika ni mbalimbali. Mwaka 1870 watu weusi wa Kusini walikuwa wakipiga kura, na tumaini lilikuwa kubwa. Kitabu cha Susie kilitoka mwaka 1902, naye alikitoa mwenyewe, Higginson akiwa ameandika maneno ya kukitangulia. Wakati huo kura ile ilikuwa imekwisha kunyang'anywa kwa hila mahali pengi. Kwa hiyo Susie hakukomesha habari zake siku bunduki ziliponyamaza. Asimulia ya kuwa mwaka 1898 mwanawe aliugua sana huko Shreveport. Alikwenda kumchukua ampeleke nyumbani Boston, akaomba kitanda katika garimoshi, akakataliwa kwa sababu ya rangi. Kijana hakuweza kusafiri ameketi, akafia huko huko.