Mpira wa Mstarini: Nasaba ya Ua wa Daktari Johnson

Katika mtaa wa Pierce, mjini Lynchburg, jimbo la Virginia, nyuma ya nyumba namba 1422 palikuwa na kiwanja cha tenisi cha udongo. Mwenye nyumba, Robert Walter Johnson, alikuwa daktari Mweusi ambaye ujanani alicheza mpira wa Kimarekani kwa kasi hata akabandikwa jina la Kimbunga. Tenisi aliianza ukubwani, akaipenda kwa pupa ya mtu aliyechelewa karamu.

Zama hizo tenisi ya Marekani ilikuwa nyumba mbili. Chama cha taifa kilikuwa cha Wazungu. Weusi, baada ya kufungiwa mlango, waliunda chao mwaka 1916, ATA, wakawa na mashindano yao na mabingwa wao. Ora Washington alilitwaa taji la wanawake mara nane. Yeye na Helen Wills, malkia wa upande wa pili, hawakukutana uwanjani hata siku moja.

Mwaka 1946 binti mmoja wa Harlem alishindwa fainali ya ATA. Jina lake Althea Gibson, mtoto wa wakulima wa South Carolina, mtoro wa shule, mrefu, mwenye mkono mzito. Johnson na daktari mwenzake, Hubert Eaton wa Wilmington, walikuwa wakitazama. Wakagawana malezi: wakati wa masomo akae kwa Eaton amalize shule, likizo ya kiangazi akae Lynchburg. Mwaka uliofuata alitwaa taji la ATA, na hakuliachia hadi 1956, miaka 10 mfululizo.

Mlango wa Forest Hills, penye mashindano ya taifa, ulifunguliwa mwaka 1950, baada ya bingwa wa zamani Alice Marble, Mzungu, kuwaumbua wenzake katika jarida la tenisi. Raundi ya pili Gibson alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon. Seti ya tatu Gibson alikuwa mbele 7-6 mvua ya radi ikashuka, na radi ikaangusha sanamu ya tai wa mawe juu ya uwanja. Mechi ikaahirishwa. Kesho yake Brough alihitaji dakika chache tu: 9-7.

Mwaka 1956 Gibson alishinda Paris, Mweusi wa kwanza kutwaa mojawapo ya mataji manne makubwa. Wimbledon ya 1957 alikabidhiwa tuzo na Malkia Elizabeth, akairudia 1958, na Forest Hills akashinda miaka yote miwili. Fedha hakupata, kwa kuwa tenisi ya ridhaa haikulipa mshindi. Bingwa wa dunia akaishia kucheza mechi za maonyesho kabla ya mpira wa kikapu wa Harlem Globetrotters, kisha akahamia gofu.

Johnson lakini alikuwa na donda jingine. Kila mwaka Charlottesville palifanyika mashindano ya vijana wa shule, ya Wazungu watupu. Aliomba, akaruhusiwa kupeleka wawili mwaka 1951. Walichapwa vibaya, wakarudi kimya. Hapo ndipo ua wa Pierce ukageuka chuo. Kila kiangazi watoto walikuja kulala pale, wakang'oa magugu, wakasafisha banda la mbwa, wakapiga mpira kwa mpini wa fagio ili jicho lizoee. Mwenye kuupata kwa mpini, raketi kwake ni sahani.

Na palikuwa na sheria. Usibishane na mwamuzi. Mpira ukitoka nje kidogo upande wako, uhesabu umeingia, urudishe. Mkibadilishana pande, mpelekee mpinzani mipira mkononi. Johnson alijua kwamba mtoto Mweusi akizozana mara moja tu, lango lililopatikana kwa miaka litafungwa kwa dakika. Mimi naiona sheria hiyo kuwa kodi: mtoto wa miaka 10 anatozwa pointi ili aruhusiwe kucheza. Lakini sijui nani angeingia bila kuilipa.

Aliyeilipa kuliko wote ni Arthur Ashe wa Richmond, aliyefika mwaka 1953. Baba yake alikuwa mtunza bustani ya Weusi ya Brook Field, na nyumba yao ilikuwa humohumo, raketi mkononi tangu utotoni. Mwaka 1961 Ashe aliyatwaa mashindano ya Charlottesville. Mwaka 1968 akashinda US Open ya kwanza iliyowachanganya wa kulipwa na wa ridhaa. Kwa kuwa yeye alikuwa wa ridhaa, dola 14,000 zilikwenda kwa Tom Okker aliyeshindwa. Mwaka 1970 alizunguka Afrika pamoja na Stan Smith, wakipita Kenya na Tanzania. Ziara iliyofuata, jijini Yaoundé, alimwona kijana Yannick Noah akipiga mpira, akawapa Wafaransa habari zake. Noah alishinda Paris 1983.

Johnson alifariki mwaka 1971, hakuiona Wimbledon ya 1975, Ashe alipomzidi akili Jimmy Connors kwa mipira laini, 6-1, 6-1, 5-7, 6-4.

Serena Williams na dada yake hawakupita Lynchburg. Baba yao aliwafundisha kwenye viwanja vya umma vya Compton. Serena alishinda US Open 1999 katika uwanja wenye jina la Ashe, mwanamke Mweusi wa kwanza tangu Gibson kutwaa taji kubwa la mmoja mmoja. Mwaka 2004, mumo humo, alipiga mpira dhidi ya Jennifer Capriati, mwamuzi wa mstari akauona umeingia, mwamuzi mkuu akautoa. Televisheni ilionyesha umeingia wazi. Serena alipinga, akashindwa mechi, chama kikamwomba radhi. Miaka 2 baadaye US Open ilianza kutumia kamera za kuhakiki mstari, na mwaka 2025 Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mstari wote. Huko mashine sasa ndiyo inayosema nje au ndani. Katika ua wa Pierce kazi hiyo aliifanya mtoto, aliyeuona mpira umetoka, akanyamaza, akaurudisha.