Kambi, Chama cha Kabila na Barabara: Walioujenga Uhuru wa Kongo, 1941-1960

Utangulizi

Historia ya uhuru wa Kongo husimuliwa kwa kawaida kupitia majina machache: Joseph Kasa-Vubu, Patrice Lumumba, Moïse Tshombe, Jason Sendwe, Antoine Gizenga. Majina hayo yanastahili nafasi yake. Hata hivyo, orodha ya majina haijibu swali moja ambalo kila mwanafunzi wa historia ya nchi hii hana budi kujiuliza: kwa nini watu waliodai taifa moja waliingia katika madai hayo kupitia vyama vya makabila mbalimbali? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba ukabila ni urithi wa mababu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Ukabila wa kisiasa uliodhihirika mwaka 1960 ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, tunda la utawala uliofunga milango mingine ya watu kukutana na kuacha ule wa kabila wazi. Walioujenga uhuru walipita katika mlango huo kwa sababu ndio uliokuwapo, nao ukawaachia alama.

1. Kambi ya wafanyakazi

Mwezi wa Desemba 1941, vita vya dunia vikiwa vimeongeza mahitaji ya shaba na kupandisha bei ya vitu, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière du Haut-Katanga waligoma. Mgomo ulianzia Jadotville, yaani Likasi ya leo, ukafika Elisabethville. Madai yao yalikuwa mepesi kueleweka: nyongeza ya mshahara. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi, mtu aliyesoma, mwenye asili ya Kasai. Tarehe 9 Desemba wafanyakazi walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana wa mkoa, Amour Maron, alifika mwenyewe pamoja na askari. Mazungumzo yalivunjika, risasi zikapigwa, na Mpoyi akawa miongoni mwa makumi ya watu waliouawa.

Jambo la kuzingatia ni aina ya watu waliosimama uwanjani siku ile. Kambi za Union Minière zilikuwa zimekusanya watu kutoka Katanga, Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Waliishi nyumba kwa nyumba, wakapanga foleni moja ya posho, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kilichowasimamisha pamoja mbele ya bunduki ni kazi na mshahara. Kabila halikuwa na sehemu katika madai yao.

Utawala ulisoma tukio hilo vizuri. Mnamo Februari 1944 askari wa Force Publique waliasi Luluabourg, na mwezi wa Novemba 1945 wafanyakazi wa bandari ya Matadi wakagoma; kote huko jibu la kwanza lilikuwa silaha. Baadaye, mwaka 1946, sheria iliruhusu Waafrika kuwa na vyama vya wafanyakazi, lakini kwa masharti na uangalizi uliovinyima nguvu. Mlango wa kambi, uliokuwa umewaleta watu wa asili nyingi katika dai moja, ulifungwa kwa risasi kwanza, kisha kwa kanuni.

2. Makarani na vyama vilivyoruhusiwa

Wakati huohuo lilikuwa linakua tabaka lingine, la watu waliosoma katika shule za misheni na kufanya kazi za ofisi: makarani, waalimu, wauguzi, watumishi wa posta. Bulamatari aliwaita "waliostaarabika" na akataka wawe ngazi kati yake na umma. Mwaka 1945 walipewa jarida lao, La Voix du Congolais, lililoongozwa na Antoine-Roger Bolamba. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 utaratibu wa kuandikishwa ambao, kwa maneno ya sheria, ungemkaribisha Mwafrika kwenye haki za Mzungu. Ili kuipata hadhi hiyo, mwombaji alichunguzwa hadi ndani ya nyumba yake. Waliofaulu walikuwa wachache mno, na hata hao waligundua kwamba dukani, hospitalini na katika mshahara hawakuwa sawa na Mzungu.

Chama cha siasa kilikuwa marufuku kwao. Walichoruhusiwa kilikuwa cha namna tatu: chama cha waliosoma shule moja, klabu ya makarani, na chama cha watu wa asili moja. Viongozi wote wa baadaye walijifunza humo kuendesha mkutano, kuandika muhtasari, kutunza fedha na kuhutubia. Lumumba, aliyezaliwa mwaka 1925 Onalua katika Sankuru na kuwa karani wa posta Stanleyville, aliongoza vyama kadhaa vya aina ya pili. Hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kuzoea mapema kusema na watu wa makabila mengi, katika mji ambao Kiswahili na Lingala vilikutana.

Wengi zaidi walipita katika mlango wa tatu. Mfano ulio wazi ni ABAKO, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1950 na Edmond Nzeza-Nlandu. Lengo lake la mwanzo lilikuwa kulinda na kukuza Kikongo, mbele ya Lingala iliyokuwa ikitawala mji. Serikali haikuona hatari katika jambo la lugha. Lakini Kasa-Vubu alipochukua uongozi mwaka 1954, chombo kile cha lugha kilikuwa tayari na matawi, michango na wasikilizaji. Ilikuwa rahisi kukigeuza kuwa chombo cha siasa kuliko kuunda kingine kipya.

Mageuzi hayo yalionekana mwaka 1956. Profesa wa Kibelgiji, A. A. J. Van Bilsen, alikuwa amependekeza mpango wa miaka thelathini wa kuifikisha Kongo kwenye uhuru, na Wabelgiji wengi waliona muda huo kuwa mfupi kupita kiasi. Kundi la jarida la Conscience Africaine, wakiwamo Joseph Ileo na Joseph Ngalula, likatoa ilani iliyokubali wazo la hatua kwa hatua na kusisitiza umoja wa nchi. Mwezi wa Agosti ABAKO ilijibu kwamba hapakuwa na sababu ya kungoja: haki za kisiasa zitolewe mara moja. Hapo ndipo ugumu wa historia hii ulipo. Waliotamka umoja wa taifa hawakuwa na umati nyuma yao. Waliokuwa na umati walikuwa chama cha watu wa asili moja, nao ndio waliothubutu zaidi.

3. Kura ya 1957 na matokeo yake Katanga

Mwezi wa Desemba 1957 serikali iliwaruhusu Wakongo kupiga kura kwa mara ya kwanza, katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, kwa ajili ya mabaraza ya manispaa tu. Kwa kuwa vyama vya siasa havikuwapo, wapiga kura walijipanga kwa vyama vilivyokuwapo. Léopoldville, ABAKO ilishinda, na mwaka uliofuata Kasa-Vubu akawa meya wa Dendale. Elisabethville, wengi waliopata nafasi za meya Mwafrika walikuwa na asili ya nje ya Katanga, hasa Kasai, yaani watoto wa kambi na wa ofisi za mji.

Jibu lilikuja mwezi wa Oktoba 1958: kuundwa kwa CONAKAT, iliyounganisha vyama vya watu waliojiita wenyeji wa Katanga, chini ya Godefroid Munongo kwanza, kisha Tshombe. Walowezi Wazungu waliotaka Katanga ijitenge walikiona chama hicho kuwa rafiki wa kufaa. BALUBAKAT ya Sendwe, iliyokuwa imejiunga nacho, ilijitoa mwaka 1959. Ni miaka kumi na saba tu iliyopita kati ya uwanja wa Mpoyi na kuundwa kwa CONAKAT. Katika muda huo mtu aliyekuwa mwenzi wa foleni ya posho aligeuka kuwa "mgeni". Mababu hawakuhusika na mgeuko huo. Ulitokana na kura iliyopigwa pasipo chombo kingine cha kuwakusanya watu.

4. Barabara yawatangulia viongozi

Tarehe 10 Oktoba 1958 Lumumba, Ileo na wenzao waliunda Mouvement National Congolais (MNC), chama kilichojitangaza tangu mwanzo kuwa cha nchi nzima. Mwezi wa Desemba Lumumba, Ngalula na Gaston Diomi walihudhuria mkutano wa watu wa Afrika huko Accra. Waliporudi, Lumumba alihutubia mkutano mkubwa Léopoldville tarehe 28 Desemba na kudai uhuru.

Wiki moja baadaye, Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa ABAKO uliokuwa ufanyike YMCA haukupata ruhusa. Kasa-Vubu aliwasihi watu warudi nyumbani. Hawakurudi. Waliotoka kutazama mpira waliungana nao, na wengi wao walikuwa vijana wasio na kazi tangu uchumi ulipodorora mwaka 1957. Ghasia zilidumu kwa siku kadhaa. Takwimu rasmi zilitaja Waafrika chini ya 50 waliokufa, na wengi mjini waliamini kwamba idadi ilikuwa kubwa zaidi. ABAKO ilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa gerezani. Lakini tarehe 13 Januari mfalme Baudouin alitamka hadharani neno uhuru. Siku chache za barabarani zilipata kile ambacho ilani na barua za miaka mitatu hazikupata.

Umati ule haukuwa wa Bakongo peke yao, wala haukuwa na karani wa kuuandikia madai. Mwaka huohuo, katika Kongo ya Chini, wanavijiji waliacha kulipa kodi na kupeleka mashauri kwa hakimu wa serikali, mara nyingine wakiwatangulia viongozi wao. Katika Kwilu, PSA ya Gizenga na Cléophas Kamitatu iliwafikia wakulima vijijini, na baadaye Andrée Blouin alishiriki kuwakusanya wanawake wa eneo hilo katika harakati. Stanleyville, mwishoni mwa Oktoba 1959, mkutano wa MNC ulifuatwa na ghasia na vifo, na Lumumba akakamatwa.

Hivyo, Meza ya Duara ilipofunguliwa Brussels tarehe 20 Januari 1960, Ubelgiji haikuwa na nguvu wala nia ya kupigana vita. Wajumbe wa Kongo, pamoja na tofauti zao, walisimama kama safu moja na kudai Lumumba aachiwe. Alitolewa gerezani Jadotville, akapelekwa Brussels, na tarehe 27 Januari siku ya uhuru ikawekwa: 30 Juni 1960.

5. Alama ya mlango

Uchaguzi wa Mei 1960 ulitoa matokeo yaliyotarajiwa na yeyote aliyeifuata njia hiyo. Katika bunge la viti 137, MNC ya Lumumba ilipata 33, idadi kubwa kuliko chama kingine, lakini ndogo isiyotosha kutawala peke yake. Viti vingi vilivyobaki viligawanywa kati ya vyama vya mikoa na vya asili. Serikali ikaundwa kwa mapatano: Kasa-Vubu rais, Lumumba waziri mkuu. Tarehe 5 Julai askari, ambao hawakuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika, waliasi. Tarehe 11 Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville, si mbali na mji ule ambao Mpoyi aliangukia. Jino lake, mabaki pekee yaliyopatikana, lilirudishwa mwaka 2022.

Si haki kuwalaumu watu wa 1960 kana kwamba walichagua ukabila badala ya taifa. Walikuta chombo kimoja, wakakitumia kumwondoa mkoloni, na walifaulu. Kosa lilikuja baadaye, chombo hicho kilipohifadhiwa baada ya kazi yake kwisha. Katanga ililiona jambo hilo tena mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huko, na miongoni mwao walikuwamo wajukuu wa watu wa kambi zilezile.

Hitimisho

Kidole kimoja hakivunji chawa. Uhuru wa Kongo ulijengwa na mfanyakazi, na karani, na umati wa barabarani, lakini vitabu vimemkumbuka karani zaidi kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika. Kwa wataalamu wa Kiswahili pengo hilo si dogo, maana sauti za wengine zimehifadhiwa hasa katika lugha hii. André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili mwaka 1965, akisema kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliieleza kwa Kiswahili historia ya nchi aliyoichora miaka ya 1970. Kazi za namna hiyo zikisomwa kwa uzito uleule wanaopewa Kasa-Vubu na Lumumba, mwanafunzi ataona kwamba kabla ya chama cha kabila palikuwapo kambi, na kwamba Wakongo wa asili mbalimbali waliwahi kusimama pamoja kwa dai moja bila kuulizana wanatoka wapi.