Habari za Chungu: Historia Fupi ya Posho na Makopo Nyarugusu

Vijarida vya kumbukumbu huandika sana habari za vita, za safari, na za wageni waliotutembelea. Habari za jikoni huachwa. Safari hii sisi wa Kamati tumeona tuandike habari za chungu, kwa kuwa ndicho kilichotufikisha hapa, na wanaokijua vizuri ni kina mama ambao majina yao hayajapata kuandikwa popote.

Tulivyofika

Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira na Fizi, wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi hadi Kigoma, tukaletwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Wengine walifuata baada ya vita vya 1998, na wengine tena mwaka 2009, kambi ya Lugufu ilipofungwa. Kwetu tulizoea bugali wa muhogo, ndagala, na sombe iliyotiwa mawese. Huku tulikuta mahindi, maharage, chumvi, unga uliochanganywa mahindi na soya, na mafuta ya kupikia ndani ya makopo ya lita 4. Mara chache sana walipatikana samaki wa kopo.

Kopo la kwanza la samaki tulilifungua kwa panga na jiwe. Nusu ya mchuzi ilimwagika mchangani, na aliyelishika akakatwa kidole. Tulidhani ni ushamba wetu. Baadaye tulisoma kwamba hata Wazungu walianza hivyohivyo.

Chakula cha kopo kilitoka wapi

Chakula cha kopo ni mtoto wa vita. Serikali ya Ufaransa ilitafuta namna ya kuwalisha askari wake walioko mbali, na mwaka 1810 ikamtuza Nicolas Appert, aliyegundua kwamba chakula kilichofungwa kabisa chupani na kuchemshwa hakiozi. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hati ya ubunifu huko Uingereza, iliyotaja na vyombo vya bati. Kufikia 1813 kiwanda cha London kilikuwa kikiwauzia wanajeshi nyama ya kopo. Lakini vifaa maalumu vya kufungulia makopo vilianza kupatikana katika miaka ya 1850. Kwa miaka 40 na zaidi watu walitumia patasi na nyundo! Basi panga letu halikuwa la aibu.

Chakula cha msaada nacho kina historia yake. Marekani ilitunga sheria mwaka 1954 ya kupeleka mazao yake ya ziada nchi za nje, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likaanzishwa mwaka 1961. Kwa njia hizo mafuta ya mkulima wa mbali yalifika kwenye sufuria zetu.

Tulivyojifunza kupika

Mwanzoni tuliharibu vingi. Unga wa soya tuliutupia kwenye maji yanayochemka, ukafanya mabonge, watoto wakaukataa, na baadhi yetu wakaona ni chakula cha mifugo. Kina mama ndio waliofundishana, mlango kwa mlango: koroga unga kwanza kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika kumi hivi huku ukikoroga, kisha tia mafuta kidogo. Maharage yalowekwe usiku kucha, maana kuni ni za mbali na anayezifuata porini hajui atakutana na nani. Mafuta ya posho, kwa kuwa yameongezwa vitamini A, yatiwe mwishoni, yasiungue.

Samaki wa kopo moja aliliwa na watu wanane. Hakuliwa kwa vipande. Alipondwa, akachemshwa na kitunguu na lengalenga nyingi, ili kila tonge lipate harufu yake. Chakula kilichobaki tulikihamishia kwenye bakuli, hakikulala ndani ya kopo lililofunguliwa. Na kopo lililovimba tulilitupa, hata kama njaa ilikuwa kali, kwa maana sumu iliyomo haionekani wala hainuki.

Hesabu ya posho

Mwongozo wa WFP na UNHCR wa mwaka 1997 ulikadiria kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Mfano mmoja wa posho kamili ni nafaka gramu 400, kunde au maharage 60, unga wa mchanganyiko 50, mafuta 25, sukari 15 na chumvi 5. Kwa hesabu hiyo kopo la lita 4 ni la watu kumi kwa wiki mbili hivi.

Lakini mahindi hayaliwi punje. Ya kusagisha hulipwa kwa mahindi hayohayo. Nyanya, chumvi inapokwisha, na sabuni ya mtoto hulipwa vivyo hivyo. Wafanyakazi wa mashirika waliotuona sokoni na kopo la posho walisema, "Hawa wameshiba, wanauza." Hapo tunaomba wasomaji wakumbuke yaliyowapata wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi mwaka 1990. Karanga zilikosekana kwenye posho, na zaidi ya watu 17,000 wakaugua pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi unaotokana na upungufu wa niasini, aina ya vitamini. Mahindi matupu hujaza tumbo na kuuacha mwili na njaa. Mama anayebadilisha bakuli la mahindi kwa fungu la ndagala anatibu nyumba yake.

Posho nayo haikukaa palepale. Ilipunguzwa mwaka 2017, na mwaka 2023 ikashuka hadi nusu kwa uhaba wa fedha. Elimu ya kina mama ndiyo iliyoziba pengo kadiri ilivyoweza, lakini elimu haigeuki mafuta.

Kopo tupu

Lilipokwisha, kopo liligombewa. Familia zilizogawana mafuta zilipokezana: leo kwako, mgao ujao kwangu. Lilitobolewa kwa misumari likawa kikunio, likakunjuliwa likawa ubao wa mlango, likawa chombo cha kuchotea maji.

Tunawashukuru waliotupa posho hiyo miaka yote. Ombi letu kwao ni moja: kabla ya kupanga orodha ya vyakula, ulizeni wanaopika. Na kwenu vijana mliozaliwa kambini, kaeni jikoni na bibi zenu mkiwa na kalamu. Yaliyomo vichwani mwao hayamo kwenye kadi ya posho.