Filamu za Mwaka 1994 na Lugha Tuliyoisikia

Kila mwezi wa Aprili wanafunzi wetu hapa Rwanda hutuuliza: je, ndivyo ilivyokuwa? Wao walizaliwa baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na wengi wameyajua kupitia filamu. Sisi walimu wao tulikuwa watoto wakati ule. Tukizitazama pamoja nao, wao hufuata kisa. Sisi masikio yetu hutangulia macho.

Filamu hizo hazilingani. Hotel Rwanda (2004) ndiyo iliyoenea zaidi duniani, lakini sehemu yake kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na baadhi ya manusura wa hoteli ile wameipinga simulizi yake. Sometimes in April (2005) ilipigwa Rwanda kwenyewe. Shooting Dogs (2005) ilipigwa kwenye shule ya ETO, Kicukiro, mahali ambapo tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka, wakaacha nyuma zaidi ya watu 2,000, ambao wengi wao waliuawa. Baadhi ya waliofanya kazi katika filamu hiyo ni manusura.

Hata hivyo, katika zote tatu watu husema Kiingereza kwa sehemu kubwa. Mtangazaji wa redio anayechochea chuki kwa Kiingereza huonekana mwovu tangu neno la kwanza. Redio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilivutia watu kwa muziki na mizaha, na ilisema zaidi Kinyarwanda, lugha ya nyumbani. Kwa sauti ileile ya utani, jirani aliitwa inyenzi, yaani mende. Mwingine aliitwa icyitso, msaidizi wa adui. Hata kitenzi gukora, yaani kufanya kazi, kilikuja kumaanisha kuua. Mtu aliamka asubuhi, akachukua panga, akasema anakwenda kazini.

Uzito wa maneno hayo ulifika mahakamani. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komini ya Taba, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimsikiliza mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, Mathias Ruzindana, akifafanua maana ya maneno kama inyenzi na icyitso. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo iliwatia hatiani wahusika wa RTLM na wa gazeti la Kangura.

Basi jibu letu kwa wanafunzi ni hili: filamu zinaonyesha mengi ya kweli, ila hazisikiki kama tulivyosikia. Mwanafunzi anayezitegemea peke yake atadhani kwamba chuki huja ikipiga kelele, asiitambue inapokuja ikicheka.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini mwetu tangu mwaka 2017, na kazi ya tafsiri inatuhusu. Tunawashauri walimu wenzetu: baada ya filamu, wapeni wanafunzi neno moja tu, gukora. Wakilitafsiri "kuua", wameeleza tendo lakini wameficha hila. Wakilitafsiri "kufanya kazi", itawabidi waeleze ni kazi gani. Somo la historia lianzie hapo.