Bibi harusi aliyetaja mahari ya urubani

 Nawaandikia kutoka Singida, hapa hapa dukani kwangu, cherehani imepumzika.

Wiki iliyopita nilikuwa nampima bibi harusi gauni la nikaha. Nikamuuliza kwa utani ametaja mahari gani. Akanijibu bila kucheka: "Ada ya kusomea urubani, dada." Nikadhani anataka kuajiriwa na shirika la ndege. Kumbe anataka leseni ya rubani binafsi, ile ya kurusha ndege ndogo kwa mapenzi yako tu, ambayo sheria haikuruhusu ulipwe ujira kwa kurusha. Mama yake, aliyekaa kwenye benchi, akanigeukia: "Mwambie wewe unayejua biashara. Mamilioni yote hayo kwa kitu kisichorudisha hata shilingi?"

Nilimuunga mkono mama. Mahari ni haki ya binti na anaweza kutaja jambo lolote la halali lenye thamani, hilo najua. Lakini mimi nilinunua cherehani ya kwanza nikiwa nimeshahesabu nguo ngapi zitairudisha. Usiku, hata hivyo, sikupata usingizi, nikaanza kusoma habari za wanawake warubani. Nikamkuta Lotfia El Nadi.

Lotfia alizaliwa Kairo mwaka 1907, katika nyumba ya Kiislamu ambayo baba hakuona haja ya binti kusoma sana. Mama yake ndiye aliyemsukuma shule. Mwaka 1932 ilianzishwa kampuni ya Misr Airwork, ambayo leo ndiyo EgyptAir, na kukawa na shule ya urubani kwenye uwanja wa Almaza. Lotfia alitamani, fedha hana. Akamwendea mkurugenzi, Kamal Elwi, akapewa kazi ya ukarani na kupokea simu, mshahara wake ukawa ndio ada. Nyumbani alimwambia baba anakwenda kujisomea na wenzake mara mbili kwa juma. Darasani walikuwa wanaume watupu.

Tarehe 27 Septemba 1933 alipata leseni, namba 34. Yaani nchi nzima ya Misri ilikuwa na marubani 33 tu kabla yake, wote wanaume. Picha ikatoka gazetini, na baba akajua kwa njia hiyo. Alikasirika sana. Lotfia akamchukua, akampandisha ndege, akamzungusha juu ya Kairo na mapiramidi, na mzee akalainika. Mwezi Desemba akashindana mbio za ndege za Kairo hadi Alexandria. Alitangulia kufika, ushindi akanyimwa kwa sababu alikosa kupita alama moja njiani. Aliruka miaka kama mitano, kisha akaumia uti wa mgongo. Hakuolewa, na alifariki mwaka 2002. (Hilo la kutoolewa najua mama wa bibi harusi atalishikia bango.)

Msiseme Misri ni mbali. Jirani zetu Dodoma walikuwa kituo cha ndege za Imperial Airways tangu 1932, kwenye njia ya kutoka Kairo hadi Afrika Kusini. Nairobi nako, Florence Kerr Wilson, mjane, alianzisha Wilson Airways mwaka 1929 kwa mtaji wake mwenyewe. Jina lake ndilo la uwanja wa Wilson ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wanajifunzia hadi leo. Rubani wake, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfundisha Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro kati ya farasi, ambaye Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, zaidi ya saa 20 angani, akaangukia kwenye tope la Kanada akiwa hai.

Sasa kazi yenyewe. Kanuni za kimataifa zinataka uwe na miaka 17, upimwe afya, ufaulu masomo ya sheria za anga, hali ya hewa, kusoma ramani na kuzungumza redioni, na uruke saa zisizopungua 40. Kati ya hizo, 10 uko peke yako bila mwalimu. Mojawapo ya safari za peke yako isipungue kilomita 270, zaidi kidogo ya barabara ya Singida hadi Dodoma, na utue viwanja viwili njiani. Nilipofika hapo nilikumbuka mara ya kwanza fundi wangu aliponikabidhi mkasi na hariri ya mteja, akatoka nje. Mikono ilitetemeka. Hakuna aliyenilipa siku ile pia.

Kinachonikera kwa Lotfia ni ule uongo kwa baba. Namwelewa, lakini picha ya gazetini si njia ya mzazi kupata habari za mwanawe. Basi jana bibi harusi alipokuja kujaribu gauni nilimuuliza: "Baba yako, ambaye ndiye walii wako, anajua?" Akainamisha kichwa. Mama akakohoa. Kumbe walikuwa wanangoja mzee alisikie siku ya nikaha, mbele ya shehe na wageni!

Nikawaambia pindo la gauni silishoni kwanza. Alhamisi wanarudi kwa kipimo cha mwisho, na mama ameahidi kuja na mzee. Nimeshatafuta kiti cha kumkalisha, na ile picha ya Lotfia amevaa kofia ya urubani nimeihifadhi kwenye simu.