Chupa Yenye Kitambaa Chekundu: Historia Fupi ya Lebo za Nyumbani

Mwanzoni mwa mwaka huu nilinunua kimashine cha kuchapia lebo. Ni kile kinachoenea kiganjani: unaandika neno kwenye simu, kinaguna kidogo, kinatoa kikaratasi chenye gundi. Bei yake sitaitaja, maana mume wangu anajua kusoma.

Kwa siku mbili sikuvumilika. SUKARI. CHUMVI. MCHELE. DENGU. Droo ya chaja ikaandikwa CHAJA, bahasha ya vyeti ikaandikwa VYETI, mpaka mume wangu akauliza kama na yeye apange foleni. Wiki ya tatu nikagundua lebo zilizo karibu na jiko zimeanza kuwa nyeusi. Kumbe vimashine vya aina hii havina wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kimashine kinaichoma kwa nukta ndogondogo mpaka herufi itokee. Jiko langu lilikuwa linaendeleza kazi pale kimashine kilipoishia.

Nilicheka, halafu nikaanza kuchimba, kama tulivyo waandishi wa habari tunapokwepa kazi ambayo mhariri anaisubiri. Nilitaka kujua tabia hii ya kuandika juu ya vyombo ilianzia wapi. Sikutegemea kwamba ingenirudisha jikoni kwa mama, Morogoro, kwenye chupa moja ambayo sikuwahi kuizungumzia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tuanzie mbali. Mwaka 1988, wanaakiolojia wa Kijerumani wakiongozwa na Günter Dreyer walikuwa wakifukua kaburi la mtawala mmoja wa kale huko Abydos, Misri. Kaburi hilo linaitwa U-j, na lina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Humo walikuta vibao vidogo vya mifupa na pembe za ndovu, vikubwa kama stempu ya barua hivi. Vimechongwa alama chache tu: ndege, mnyama, mistari ya kuhesabia. Na vina tundu kwenye kona. Tundu hilo ni la kamba. Vibao hivyo vilifungwa kwenye mali iliyohifadhiwa, na wataalamu wengi wanaamini alama zake zilitaja kiasi cha mali au mahali ilikotoka.

Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Sisi wapenzi wa fasihi tunapenda kufikiri kwamba maandishi yalizaliwa ili kuhifadhi nyimbo, sala na sifa za wafalme. Lakini maandishi ya kale kabisa tuliyonayo kwa sehemu kubwa ni lebo na hesabu za ghala. Kabla hajatokea mtu wa kuandika shairi, alikuwepo karani aliyefunga kibao kwenye mzigo na kusema, kwa alama zake, kilichomo ni hiki na kimetoka pale.

Karne nyingi baadaye, katika Misri hiyohiyo, Tutankhamun alizikwa na mitungi ya mvinyo. Howard Carter alipolipata kaburi lake mwaka 1922, mitungi mingi ilikuwa bado na maandishi ya wino: mwaka wa utawala ambao mvinyo ulitengenezwa, shamba ulikotoka, jina la mtengenezaji mkuu. Mvinyo ulishakauka zamani. Lebo zikawa bado zinasomeka.

Karani wa Abydos hakuandika kwa ajili yake mwenyewe. Yeye alijua kilichomo. Aliandika kwa ajili ya mtu atakayeushika mzigo wakati yeye hayupo.

Nadhani ndiyo maana nyumba nyingi tulizokulia hazikuwa na lebo hata moja. Nyumbani kwetu hakuna chombo kilichosema kweli. Kopo la Blue Band lilikuwa na chumvi. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa na vifungo, sindano na funguo za kufuli zilizokwishapotea. Ndoo ya rangi ilitunza unga wa sembe. Hakuna aliyechanganyikiwa, kwa sababu mama alikuwepo, na ukikosea anakuita kutoka uani bila hata kugeuka: "Siyo hilo, la nyuma yake." Ramani yote ya nyumba ilikuwa kichwani mwake.

Kuandika tuliandika, ila kwa sababu nyingine. Nilipokwenda bwenini, baba alichoma jina langu kwenye ndoo kwa waya wa moto, na kwenye tranka akaliandika kwa rangi nyeupe, herufi zikipungua ukubwa kadiri nafasi ilivyokwisha. Sufuria na sahani za mama zilikuwa na alama ya rangi ya kucha chini ya kitako, ili zikienda msibani zirudi. Yaani chombo kilipata maandishi siku kilipotoka nje ya mlango, kwenda kwa watu wasiokijua. Ndani ya nyumba tulitegemea kichwa cha mtu mmoja.

Sasa sikiliza kilichotokea Bradford, Uingereza, mwezi Oktoba 1858.

Kulikuwa na muuza peremende sokoni, William Hardaker. Peremende zake alitengenezewa na mtu aitwaye Joseph Neal. Sukari wakati huo ilikuwa ghali, kwa hiyo watengenezaji walizoea kuichanganya na unga wa jasi, mweupe, wa bei rahisi, usio na ladha. Neal akamtuma mtu kwa muuza dawa Charles Hodgson kuchukua unga huo. Siku hiyo Hodgson alikuwa mgonjwa, yupo kitandani. Msaidizi wake, kijana William Goddard, akaenda kumuuliza unga uko wapi. Akaelekezwa: kwenye pipa, kona ya dari.

Juu kule hapakuwa na pipa moja tu. Goddard alipima ratili 12, karibu kilo tano na nusu, kutoka pipa ambalo halikuwa na alama iliyoeleweka. Ilikuwa arseniki. Nayo ni unga mweupe.

Watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 200 waliugua. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto. Hodgson, Goddard na Neal walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, lakini hakuna aliyetiwa hatiani. Na kweli, ukitafuta mwuaji humwoni. Unamwona mtu mmoja aliyejua kichwani mwake pipa lipi ni lipi, akaugua siku moja.

Kisa hicho ni miongoni mwa mambo yaliyosukuma Bunge la Uingereza kupitisha Sheria ya Famasia ya 1868. Sheria hiyo ilitaka chombo cha sumu kinachouzwa kiandikwe jina la kilichomo, neno "sumu", na jina na anwani ya muuzaji. Katika karne hiyohiyo yalienea matumizi ya chupa maalumu za sumu: za buluu iliyokolea au kijani, zenye pembe, na mistari iliyoinuka kwenye kioo. Kulikuwa hakuna umeme. Mtu akiamka usiku kutafuta dawa, kidole chake kilipaswa kujua kabla ya ulimi.

Miaka iliyofuata lebo ilirahisishwa. Mwaka 1935, huko Los Angeles, kijana Stan Avery alianza kuuza lebo zenye gundi tayari, unabandua na kubandika. Alianza na mkopo wa dola 100 kutoka kwa mchumba wake, na mashine aliyoiunga kwa mota ya mashine ya kufulia na vipande vya cherehani. Mwaka 1958, miaka 100 kamili baada ya Bradford, kampuni ya Dymo ilianzishwa California na Rudolph Hurwich, ikiuza kifaa cha mkononi chenye gurudumu la herufi. Unazungusha, unaminya, herufi inausukuma utepe wa plastiki kutoka chini. Plastiki inapovutika inapauka, kwa hiyo neno linatokea jeupe bila tone la wino. Mikanda hiyo myekundu na myeusi nimeiona kwenye makabati ya mafaili ya ofisi za zamani. Mwaka 1988 kampuni ya Brother ya Japani ikaleta P-touch, ya umeme. Kimashine changu ni mjukuu wa hivyo.

Tangu hapo kazi ya ghala na duka la dawa ikawa imehamia jikoni, na mtu yeyote akaweza kuitoa ile ramani kichwani na kuimwaga juu ya makopo.

Wasomaji wa Gabriel García Márquez hapa lazima wamkumbuke José Arcadio Buendía. Katika *Miaka Mia Moja ya Upweke*, riwaya ya 1967, kijiji cha Macondo kinapatwa na ugonjwa wa kukosa usingizi unaofuta kumbukumbu, naye anachukua brashi na wino, anaandika jina juu ya kila kitu, viti, saa, milango, mpaka wanyama. Halafu anang'amua kwamba jina pekee halitatosha. Itafika siku watu wataweza kusoma kwamba huyu ni ng'ombe na wasijue ng'ombe anafanyiwa nini. Ukurasa huo nilikuwa nausoma kama kichekesho. Nimeusoma tena mwaka huu, sikucheka.

Na sasa chupa.

Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu miwili. Umeme ulikatika, mama akanituma dukani kwa Mangi kununua mafuta ya taa. Nilikwenda na chupa tupu ya soda, kama watoto wote wa mtaa wetu walivyofanya. Mangi akamimina, akaziba kwa karatasi iliyosokotwa. Nilirudi mbio kwa sababu wenzangu walikuwa wananisubiri, nikaiweka chupa chini, pembeni ya ndoo ya maji, nikatoka.

Mdogo wangu alijua kitu kimoja kuhusu chupa ya soda: kilichomo ni kitamu.

Nakumbuka kikohozi, na harufu iliyokuwa inatoka mdomoni kwa mtoto. Jirani mmoja alikuwa ameshaleta maziwa, anataka tumtapishe. Mama hakusubiri, akambeba mpaka zahanati, na muuguzi akatuambia ni afadhali hatukufanya hivyo, maana aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Alilazwa siku kadhaa. Alipona. Leo ni fundi wa magari na ananizidi urefu.

Baba alipouliza nani aliiweka chupa chini, mama alijibu, "Mimi." Bibi alipouliza, alijibu hivyohivyo. Majirani walisema maneno yao, naye akayameza. Mimi nilinyamaza siku hiyo, nikanyamaza na zilizofuata.

Pasaka iliyopita nilikwenda Morogoro na kimashine changu. Mama alikiangalia, akakigeuza, akacheka sana kilipotoa neno MAMA. Nikapata ujasiri. Nikamwambia, mama, ile chupa niliiweka mimi. Akasema, "Najua. Mimi ndiye niliyekutuma." Nikamwambia tungekuwa na lebo siku ile yasingetokea.

Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeongeza chumvi mara mbili. "Mtoto wa miaka miwili anasoma?"

Kisha akanikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Tulipotoka zahanati alichana kipande cha kanga nyekundu, akakifunga shingoni mwa chupa ya mafuta ya taa, akaitundika kwenye msumari juu ya dirisha. Mdogo wangu alifundishwa kwamba chenye kitambaa hakiguswi. Chupa zilibadilika, kitambaa kikawa kinahamishwa, mpaka siku mafuta ya taa yalipokoma kutumika pale nyumbani.

Mama hajawahi kusikia habari za Abydos, wala za chupa za buluu za Uingereza. Ila alimfikiria atakayeishika chupa yeye akiwa hayupo, na akajua huyo hasomi.

Binti yangu ana miaka mitatu. Niliporudi Dar es Salaam nilitoa dawa ya kusafishia choo chini ya sinki, nikaipandisha kabati la juu. Nimeiandika SUMU, kwa ajili ya dada anayenisaidia kazi, ambaye anasoma vizuri. Na shingoni nimefunga kipande cha kanga nyekundu nilichopewa na mama. Lebo ya SUKARI imekuwa nyeusi yote. Sijaibadilisha, kila mtu nyumbani anajua ni sukari.