Ruwi Haimo Kwenye Ligi, Imo Barazani

Msimu wa 2002/03 klabu ya Ruwi, ya mtaa wenye jina hilo mjini Maskati, ilitwaa ubingwa wa Oman. Ulikuwa ubingwa wake wa pili; wa kwanza iliuchukua msimu wa 1977/78, wakati ligi ya taifa ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mwaka wa pili. Mwaka 2004 jina la Ruwi likaondolewa kwenye ratiba. Klabu iliunganishwa na jirani yake, Bustan, ikazaliwa klabu moja iitwayo Maskati. Tangu hapo mtu anayetaka kuiona Ruwi hana uwanja wa kwenda. Atafute wazee.

Na wazee wapo. Baada ya sala ya Isha, joto likishapungua, utawakuta wamekaa nje na birika la kahawa na sahani ya tende, Kiarabu na Kiswahili vikipokezana hata ndani ya sentensi moja. Mazungumzo huanza na bei ya samaki, yakapita kwenye harusi ya nani na nani, na mwisho wake ni mpira. Hapo ndipo mzee mmoja husogeza vikombe. Kikombe hiki beki, kile kipa, kokwa ya tende ndiyo mpira, na winga wa zamani ambaye leo ana wajukuu anapita tena pembeni, anapiga chenga mbili, anatia krosi. Mwenzake anakataa: krosi ile ilitoka kulia, siyo kushoto. Ubishi unachukua nusu saa, na hakuna kitabu cha kuufungua ili uishe.

Kukosekana kwa kitabu hicho ndiko kunakoifanya habari ya klabu kama Ruwi iwe ya kuandikwa leo. Mabingwa wakubwa wana kumbukumbu zao. Klabu zilizoshuka daraja, au zilizopoteza jina, zinaishi kwenye vichwa vya mashabiki tu.

Waliokuja na mpira wao

Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu. Aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi, na katika walioitikia wito walikuwemo maelfu waliozaliwa au kukulia Unguja, Pemba, Mombasa na bara la Afrika Mashariki. Wengi walikuwa wameondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wengine wakapitia Cairo, Kuwait au Dubai kabla ya kufika Maskati. Walikuja na vyeti vya skuli na ujuzi wa ofisi, wakaingia wizarani, benki, polisi na kwenye kampuni ya mafuta. Na walikuja na mapenzi ya mpira.

Kwao mpira haukuwa mchezo mgeni. Unguja ulikuwa umechezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, ulipoletwa na Waingereza wa kampuni ya simu za chini ya bahari na kushikwa upesi na wanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiungani. Kufikia miaka ya 1940 kila mtaa ulikuwa na timu yake na watani wake. Malindi ilianzishwa 1942. Mwaka 1949 Zanzibar iliingia kwenye Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanzwa na Kenya na Uganda mwaka 1926. Viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa jioni, watu wamesimama mpaka kwenye mstari wa pembeni. Mtu aliyetoka kwenye utamaduni huo hawezi kukaa mji usio na timu ya kuishangilia na timu ya kuichukia.

Maskati haikuwa tupu. Timu zilikuwepo hata kabla ya 1970, na miaka ile ya mwanzo ikazipa mpangilio. Kombe la Sultani lilianza 1972, na Al-Ahli ya mjini Maskati ndiyo iliyoanza kulibeba. Mwaka 1974 timu ya taifa ilikwenda Kuwait kwenye Kombe la Ghuba kwa mara ya kwanza. Ligi ikaanza msimu wa 1976/77, bingwa akawa Fanja, klabu ya mji ulioko njia ya kwenda bara kutoka Maskati. Chama cha mpira kikaundwa 1978.

Kabla ya majani ya leo, mpira ulichezwa kwenye vumbi na changarawe. Beki akiteleza kuokoa, paja lote linachubuka. Mistari ni chokaa, na magoli ni mabomba yaliyounganishwa na fundi wa mtaani. Mpaka leo ukipita ufukweni Sib au Qurum jioni, maji yakiwa yametoka, utakuta vijana kwa makumi wamegawana mchanga wenye unyevu, timu tano sita sambamba. Nyingi kati ya hizo ni timu za mitaa zilizosajiliwa chini ya klabu ya eneo lao, na hucheza mashindano yao wenyewe, hasa usiku wa Ramadhani. Mchezaji wa daraja la chini huanzia hapo, na wengi hurudi hapo miguu ikishachoka.

Siku za Wattayah

Mashabiki wa umri wa makamo ukiwataja Wattayah, hutabasamu. Uwanja wa polisi wa Wattayah ndio uliopokea Kombe la Ghuba mwaka 1984, kwa sababu ule mkubwa wa Bausher, uliopewa jina la Sultan Qaboos, ulikuwa bado haujafunguliwa. Oman wakati ule ilikuwa ikishika mkia kila mara mbele ya Kuwait, Iraq na Saudi Arabia. Lakini nyumbani, kwenye ligi, mji ulikuwa na mambo yake. Al-Ahli ilitwaa ubingwa wa 1981/82. Klabu ya Oman, nayo ya Maskati, ikaja kuuchukua 1996/97. Fanja ilitawala miaka ya 1980, na mwaka 1989 ikawa klabu ya kwanza ya Oman kubeba ubingwa wa klabu za nchi za Ghuba.

Mpira wa ligi wakati huo haukuwa ajira. Asubuhi winga yuko ofisini anapiga muhuri, jioni yuko uwanjani. Ndiyo maana mashabiki wa klabu hizi humkumbuka mchezaji pamoja na kazi yake: kipa askari, beki mwalimu, kiungo wa benki ambaye siku ya Jumamosi ulimkuta dirishani, mguu umefungwa bendeji. Ligi ya kulipwa kwa jina rasmi ilikuja msimu wa 2013/14 tu. Kwa hiyo mtu aliyekufungia bao Alhamisi ulikuwa ukikutana naye msikitini Ijumaa, na ukimdai maelezo ya penalti aliyokosa, anakujibu. Mashabiki wa leo, wanaomfuata nyota wa Ulaya kwenye simu, hawajaipata ladha hiyo.

Ndipo likaja wimbi la kuunganisha klabu. Hoja ilikuwa na maana yake: klabu zilikuwa nyingi, fedha kidogo, na mbili dhaifu zikiwekwa pamoja huenda zikazaa moja imara. Ruwi na Bustan zikawa Maskati. Al-Ahli ikaunganishwa na Sidab, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na mji mkongwe, ikawa Ahli Sidab. Bustan yenyewe ilikuwa imeshazoea kuhamishwa: kijiji kilisogezwa ili ijengwe hoteli ya kifahari ya Al Bustan iliyopokea mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba mwaka 1985.

Mwanzoni muungano ulionekana kujibu. Maskati ilitwaa ubingwa wa 2005/06, msimu wa pili tu wa uhai wake. Baadaye ikashuka, ikapanda, ikashuka tena. Kombe likiwepo, shabiki wa Ruwi na wa Bustan hukaa jukwaa moja. Timu ikishuka, kila mmoja hukumbuka ya kwake. Kikosi cha 2003 kinatajwa kama cha Ruwi, kamwe hakitajwi kama cha Maskati, na mzee wa Sidab ukimwambia Al-Ahli ilikuwa klabu yake pia, atakutazama usoni aone kama unamtania.

Klabu ndogo, watu wakubwa

Shabiki wa daraja la chini ana fahari moja ambayo hakuna wa kumnyang'anya: kumwona mtu kabla dunia haijamwona. Hakuna mfano mkubwa kuliko Ali Al-Habsi. Alizaliwa mwaka 1981 Al-Mudhaibi, mkoa wa Sharqiyah, sehemu ambayo familia nyingi za Waomani wanaosema Kiswahili zina asili yake. Alianza kudaka kwenye klabu ya mji wake, iliyoishi sehemu kubwa ya umri wake katika madaraja ya chini, huku akiwa zimamoto wa uwanja wa ndege wa Sib. John Burridge, kipa wa zamani kutoka Uingereza aliyekuwa akiwafundisha makipa wa Oman, akamwona. Mwaka 2003 akaenda Lyn ya Oslo, na mwaka uliofuata akachaguliwa kipa bora wa Norway. Januari 2006 akasajiliwa na Bolton, akawa Mwomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Baadaye akawa kipa wa Wigan, na alikuwa kikosini klabu hiyo ilipobeba Kombe la FA mwaka 2013.

Nyumbani anakumbukwa zaidi kwa Januari 2009. Oman ilikuwa imeshapoteza fainali mbili za Kombe la Ghuba mfululizo, 2004 na 2007. Safari hii mashindano yalikuwa Maskati. Al-Habsi hakufungwa hata bao moja ndani ya muda wa mchezo, kuanzia mechi ya kwanza mpaka fainali. Hassan Rabia akawa mfungaji bora kwa mabao manne. Tarehe 17 Januari, baada ya sare ya bila kufungana na Saudi Arabia, Mohammed Rabia akafunga penalti ya mwisho na Oman ikashinda 6-5. Mji mzima ulikuwa barabarani, magari yakipiga honi mpaka alfajiri.

Kwa Waomani wanaosema Kiswahili ulikuwepo mwaka mwingine wa kujivunia: 1995. Agosti ya mwaka huo vijana wa Oman wa chini ya miaka 17 walikwenda Ecuador kwenye Kombe la Dunia, wakaitoa Nigeria robo fainali, wakamaliza nafasi ya nne. Mohammed Al-Kathiri akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Na mwaka huo huo Zanzibar ikabeba Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati nchini Uganda, mara yake ya pekee. Mtu mwenye baba wa Sharqiyah na mama wa Ng'ambo, Unguja, alishangilia mara mbili kwa mwaka mmoja, na kwenye baraza za Ruwi mambo hayo mawili bado husimuliwa pamoja.

Mashabiki pia ndio wanaobatiza. Ahmed Mubarak wa Sur, aliyeichezea Oman mechi 180, aliitwa Kano mpaka jina lake la ukoo likasahaulika, kama Nadir Haroub wa Zanzibar alivyokuja kuwa Cannavaro kwa kila mtu. Hao wameandikwa. Kwa kila Kano mmoja, kuna ishirini waliopewa lakabu na jukwaa la watu mia tatu, wakacheza misimu kumi, na leo lakabu ndiyo iliyobaki peke yake. Ukiuliza jina lao kamili, baraza nzima hunyamaza.

Kushuka si kufa

Asidhani mtu kwamba kumbukumbu za daraja la chini ni za kuomboleza tu. Sib, nayo ya mkoa wa Maskati, ilishinda ligi kwa mara ya kwanza msimu wa 2019/20, muda mfupi baada ya kupanda kutoka chini. Oktoba 22, 2022 ikaifunga Kuala Lumpur City 3-0 kwenye fainali ya Kombe la AFC huko huko Malaysia, ikawa klabu ya kwanza ya Oman kulibeba. Mashabiki wake waliokaa miaka kwenye majukwaa matupu sasa wana haki ya kusimulia yale ya zamani, na wana wasikilizaji. Fanja imekwenda njia ya pili: bingwa wa mwisho 2015/16, miaka miwili baadaye imeshuka daraja, na mabingwa wake wa miaka ya 1980 wamerudi kuwa hadithi za jioni.

Tofauti ya Sib na Ruwi ni kwamba Sib ilibaki na jina lake. Klabu iliyoshuka na jina lake ina mahali pa kurudi. Klabu iliyofutwa jina inategemea watu tu, na watu wanapungua. Waliokuwa na miaka 25 ligi ilipoanza sasa wamevuka sabini. Picha zao za timu, kumi na mmoja wamesimama na kuchutama mbele ya goli, zimo ndani ya masanduku na mifuko ya nailoni, nyuma hazikuandikwa jina wala tarehe. Mwenye picha akiondoka, warithi wanaona vijana waliovaa kaptura fupi, basi.

Kazi yenyewe haihitaji fedha wala wizara. Klabu ya Maskati na Ahli Sidab zinaweza kuanza kwa ukuta mmoja katika ofisi zao: vikosi vya Ruwi, Bustan, Al-Ahli na Sidab, kila mchezaji na jina lake kamili, lakabu yake na miaka aliyocheza. Klabu za Unguja zifanye vivyo hivyo kwa wachezaji wao, wakiwemo waliohamia Oman wakiwa bado na nguvu za kucheza. Na wewe msomaji, kama nyumbani kuna babu au mjomba aliyewahi kuvaa jezi, au aliyekaa jukwaani Wattayah, mwekee simu mbele yake arekodiwe. Mpe picha na kalamu, aandike majina nyuma, mmoja mmoja kuanzia kushoto. Fanya hivyo mapema, angali anawatambua.